Jumatano Niliyowapikia Wakwe Bila Ugali

Hezron alirudi siku ya Jumatano, na hakurudi peke yake. Alikuja na kaka yake mkubwa, Lwitiko, na dada yake, Ikupa, kwa sababu katika ukoo wao mwanamume aliyeitelekeza nyumba harudi kwa miguu yake mwenyewe. Huletwa na wakubwa zake. Mke husonga ugali, humega tonge la kwanza na kumpa mumewe mkononi, na mume akishalimeza, yote yaliyopita yamezikwa. Atakayeyafukua analipa mbuzi. Na mke akikataa kuwapikia wakubwa, kosa linahamia kwake, nao wana haki ya kumwingiza ndugu yao ndani kwa mkono wao na kumwonyesha kitanda.

Sheria hiyo naijua vizuri kuliko walivyodhani. Iliwahi kunifunga mdomo.

Mimi ni Tusekile, mzaliwa wa Ikinga, wilaya ya Ileje. Shule sikusoma, maana mimi ndiye niliyekuwa nabeba wadogo zangu mgongoni wakati mama yuko shambani. Siku ya kuolewa niliondoka na nguo zangu, blanketi moja na mwiko. Mwiko ule mama aliuchongesha kwa jirani yetu fundi, mti mgumu mwekundu, mpini wake una michoro kama ya ukili. Aliniambia, "Nguo zitachakaa. Huu utazeeka nao."

Nilimkuta Hezron kwao, karibu na Mbozi Mission, katika familia ya kahawa. Nilichuma kahawa yao, nilikoboa, nilianika, nilifukuza kuku kwenye vichanja. Baadaye Hezron akaona kahawa inachelewa, akageuka dalali wa mahindi mpakani, tukahamia Tunduma, mtaa wa Mpemba. Matofali ya nyumba tuliyojenga nilifyatua mimi, nikiwa na mimba ya binti yetu Ferista. Hezron alikuwa anasimama pembeni na simu yake, akiniambia tofali lipi limepinda.

Kisha akaja Jenista. Alikuwa muuza vitenge, anavuka asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi jioni, na kila alichovuka nacho mume wangu alikibeba. Nilipojua, nilikwenda kwa Lwitiko kama mkwe mwenye adabu. Wakaja, wakakaa, wakamsema Hezron mbele yangu, wakaniomba nisonge ugali. Nikausonga kwa mwiko wa mama. Nikamega tonge, nikampa mkononi, akalimeza. Lwitiko akasema, "Imekwisha, yamezikwa." Mimi mjinga nikalia kwa furaha.

Miezi haikuwa mingi, mama yangu akafariki. Nilikwenda Ikinga na Ferista kumzika. Nilipokuwa kule nalala chini na wanawake wa msiba, Hezron alimwingiza Jenista ndani ya nyumba. Nilirudi nikakuta sufuria zangu, godoro langu na nguo za mtoto viko nje chini ya mgomba, vimenyeshewa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Jenista alikuwa ameinama juu ya mafiga anasonga ugali kwa mwiko wa mama yangu, na udongo wa kaburi la mama ulikuwa bado kwenye viatu vyangu.

Hakushtuka. Alisema tu, "Karibu, dada. Baba yenu katoka."

Nilirudi kwa Lwitiko. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikutaka hata kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema, "Mama Ferista, habari ya Jenista tuliizika kwa ugali. Ulisonga mwenyewe, ukampa mwenyewe. Ukiifukua, mbuzi ni wako." Ikupa alikuwepo, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. Alisema, "Wifi, mwanamume akishiba anatulia. Labda humshibishi."

Mimi na mtoto tulikaa kwenye stoo ya jirani mpaka Hezron na Jenista walipohamia Nakonde, ambako biashara ilikuwa imewanyookea. Waliniachia nyumba, lakini milango waliing'oa. Yote, hata wa choo. Na mwiko Jenista aliondoka nao, kwa sababu, alivyowaambia watu, haujawahi kumchubua mkono.

Milango niliirudisha mmoja mmoja. Mwiko sikununua mwingine. Watu walinishangaa, mwanamke wa Songwe asiye na mwiko nyumbani, lakini kila nilipoushika mwiko dukani niliona mgongo wa Jenista umeinama. Nilipata kazi ya upishi kwenye nyumba ya wageni karibu na maegesho ya malori, na huko nasonga ugali wa watu wengi kwa mwiko mrefu kama kasia. Wa kwetu natoka nao kazini jioni, ndani ya hotipoti, nimeufunga kwa kitenge. Hivyo ndivyo Ferista alivyokua.

Ni kazini hapo nilipojifunza chakula ninachotaka kukieleza. Kuna dereva mmoja wa Kitwe, Zambia, anaitwa Watson, anapitisha shaba, ambaye foleni ya mpakani ikimkamata hulala kwetu. Siku moja alifika jikoni mwenyewe akaegemea mlango.

"Bamayo," aliniambia, maana ndivyo wanavyowaita mama zao kule, "leo nina hamu ya baga, lakini mkate sitaki. Nina sukari. Mkate, ugali, wali, vyote nimekatazwa."

"Sasa baga bila mkate itashikwa na nini?"

"Na bakuli."

Nilicheka, naye akacheka, lakini akaingia akanionyesha. Nyama ya kusaga unaitupa kwenye karai kavu lenye moto mkali, hutii maji hata tone. Unaiacha ishike chini, usiikoroge koroge kama mboga ya mgonjwa. Ikishakuwa na rangi ya udongo ndiyo unaigeuza, unatia kitunguu, pilipili manga na chumvi. Mimi natia chumvi ya Ivuna, ina ladha yake. Moto ukishapungua unatandaza chizi juu ya nyama, unafunika, inayeyuka yenyewe. Kwenye bakuli unakatakata majani ya saladi, nyanya, kitunguu kibichi na matango ya siki. Nyama inakaa juu ikiwa ya moto. Mwisho unamwagia mchuzi mzito: mayonezi, tomato ya chupa na haradali kidogo, na maji kidogo ya yale matango ya siki. Basi. Haina kupepeta wala kusubiri chungu kichemke. Mtu ametoka kazini miguu inamuuma, kabla hajavua viatu chakula kiko mezani.

Wageni wengine wakaanza kuiomba. Mimi mwenyewe nikaipenda, na siku nyingine naipika nyumbani, tunakula mimi na Ferista, katikati ya wiki. Chizi nanunua kwa mama mmoja anayeitoa Nakonde. Hicho ndicho kitu pekee cha Nakonde nilichowahi kukikaribisha kwangu.

Sasa turudi Jumatano.

Nilikuwa namalizia zamu, hotipoti yangu imeshafungwa, simu ikalia. Alikuwa Ikupa, na sauti yake imelainika kama ya mtu anayeomba kura.

"Wifi yangu, za masiku? Tuko njiani tunakuja kwako. Mimi, kaka Lwitiko, na mwenzio."

"Mwenzangu yupi?"

"Usinifanye niseme kwenye gari, wifi. Baba Ferista. Yule mwanamke wa Nakonde amemtoa, na afya haipo. Ana sukari. Anahitaji mke wa kumwangalia chakula, siyo kula ovyo kwa mama ntilie. Daktari kamkataza mkate, kamkataza wali, soda, na ugali kamwambia aupunguze sana. Nani atamfanyia hayo kama si wewe?"

"Na mnakuja leo?"

"Leo. Usijisumbue, ni siku ya kazi. Wewe songa ugali tu, mboga yoyote. Yeye atakula tonge moja la sheria, mengine tutakula sisi."

Aliongea kwa haraka, kama mtu anayepitisha mzigo. Walichagua Jumatano kwa makusudi. Jumapili ningekuwa na akina mama wa kanisa sebuleni kwangu, na wale wana midomo. Jumatano jioni kila nyumba Mpemba inasonga ugali, na mwanamke aliyetoka kazini hana muda wa kufikiri. Walitaka niwe nimechoka.

Nilisimama pale jikoni nimeshika simu. Nilijua kabisa kinachotafutwa. Tonge moja tu likipita kooni mwa Hezron kutoka mkononi mwangu, ile stoo ya jirani imezikwa, ile milango imezikwa, ule udongo kwenye viatu vyangu umezikwa, na yeye analala kitandani kwangu mpaka mmoja wetu afe. Nikikataa kupika, wanamwingiza wenyewe. Ningeweza kwenda ofisi ya mtaa, kweli. Wangemtoa. Lakini sikutaka atolewe na mtu wa ofisi. Nilitaka atolewe na sheria yao, ile ile, na Lwitiko ndiye aitamke.

Nilipitia buchani nikasagiwa nyama, nikapitia kwa mama wa chizi, nikachukua saladi na nyanya kwa muuza mboga. Nyumbani nilifika kabla yao. Hotipoti niliiingiza chumbani, nikaisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani.

Ferista alikuwa anafagia uani. Ni msichana mkubwa sasa, ana cherehani yake sokoni. Alipoona mifuko alisema, "Mama, shangazi kanipigia. Kumbe ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hotipoti iko wapi? Nipashe?"

"Leo sikuja nayo. Washa jiko."

Aliniangalia kidogo, akawasha jiko.

Walifika jua likiwa bado liko juu ya malori. Lwitiko alitangulia, na fimbo yake na koti la kanisani. Ikupa akafuata na mfuko wa viazi, zawadi. Nyuma yao alikuwa Hezron. Amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Alisimama kizingitini akasita, akagonga mlango uliokuwa wazi.

"Hodi."

"Unagonga mlango gani, baba Ferista?" nilimuuliza. "Yako si uliing'oa?"

Ikupa akaingilia haraka. "Jamani, wifi, tupumzike kwanza. Vumbi hili."

Waliketi. Ferista akawaamkia, akapiga goti kidogo kwa baba yake kama anavyompigia mgeni yeyote. Hezron alitaka kumshika kichwa, mkono ukaishia hewani. Mimi nilirudi jikoni. Kutoka jikoni mpaka sebuleni kwangu ni pazia tu, kwa hiyo nilikuwa nawasikia.

"Nasikia nyama inalia," alisema Lwitiko. "Huyu mwanamke hajabadilika, anajua wageni."

"Nilikwambia, kaka," alisema Ikupa kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni ya kawaida. "Moyo wake mwepesi. Alilia hata ile mara ya kwanza."

Hapo ndipo nilipotandaza chizi. Niliitandaza vipande viwili viwili, sikubania. Nilitaka washibe. Nilitaka wale mpaka bakuli ling'ae, ili kesho asitokee mtu wa kusema nimewanyima.

Nilipanga bakuli tano, kila mtu na lake. Hilo nalo nililifikiria. Ugali wa sheria ni sahani moja, mikono yote inakutana. Bakuli la peke yako halikutani na mtu.

Ferista aliingia chumbani kuchukua uma, maana uma zetu tunazitunza kwenye sanduku chini ya kitanda. Akakawia kidogo, akatoka nazo. Tukapeleka.

Ikupa aliangalia bakuli, akaniangalia mimi. "Na maji ya kunawa, wifi?"

"Kuna uma, wifi."

"Haya majani ni ya sisi au kuna mbuzi wanakuja nyuma?"

"Ya chini majani, ya juu nyama. Onja kwanza."

Lwitiko alivua kofia akaomba. Aliomba kwa kirefu, alimshukuru Mungu kwa safari, kwa nyama, na kwa chakula hiki kinachoirudisha nyumba iliyopotea. Wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa namrekebishia Ferista kola.

Wakaanza kula. Lwitiko alitia uma kwa mashaka, akatafuna, akasimama kutafuna, akatafuna tena. "Hii ya njano inayovutika ni nini?"

"Chizi, baba mkubwa."

"Na hiki kikali?"

"Tango la siki."

"Mh." Akainamia bakuli. Baada ya hapo hakuongea.

Hezron alikula kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kupikiwa. Niliona anafumba macho. Kila mara mkono wake wa kulia ulikuwa unasogea pembeni ya bakuli, unatafuta kitu cha kumega, haukioni, unarudi kwenye uma. Mkono wa mtu wa Mbozi unajua njia yake. Niliuangalia ule mkono kwa raha ambayo siwezi kuificha.

"Mama Feri," alisema, "umejifunza wapi?"

"Maegesho ya malori. Ni chakula cha watu wa sukari."

Ikupa alishamaliza. Alikuwa anazungusha kipande cha mwisho cha nyanya kwenye mchuzi. Akafuta mdomo na kanga, akajiweka sawa kwenye kochi, akangoja. Akaangalia pazia. Akangoja tena. Nami nilikaa nimekunja mikono.

"Wifi," alisema mwishowe, "ugali unaiva saa ngapi?"

"Ugali gani?"

"Ugali. Chakula."

"Chakula ndicho hicho. Si uliniambia daktari kamkataza? Mkate, wali, ugali. Ulinitajia mwenyewe kwenye simu. Nikasema nisimuue mgonjwa wa watu siku ya kwanza. Nimemheshimu daktari."

Lwitiko alicheka kidogo puani, kisha akaacha.

"Lakini tonge moja, wifi. La sheria. Nilikwambia."

"Uliniambia nisijisumbue."

Ikupa alikuwa anapanda kwa hasira. Namjua, akipanda hashuki. "Sasa wifi, mtu anatoka Mbozi mpaka Mpemba anapewa majani na nyama kwenye bakuli la uji? Nyama tamu, sikatai. Lakini hii ni kuonja. Nitarudi nyumbani niseme nimekula? Hapa hatujala. Kaka, si kweli? Tumekaa kwa mke wa ndugu yetu na hatujala."

Alisema hivyo. Mbele ya kaka yake, mbele ya Hezron, mbele ya binti yangu. Mimi sikusogea.

"Rudia, wifi."

"Nirudie nini? Hatujala."

Nilimgeukia Lwitiko. "Baba mkubwa, umemsikia. Niliwapikia, sikuwafukuza. Nyama mmemaliza, bakuli zenu hizo hapo. Kosa la kukataa kupika sina. Lakini dada yenu anasema hamjala kwangu. Naomba na wewe useme. Mmekula au hamjala?"

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, linapiga ile kengele yake. Lwitiko aliishika fimbo kwa mikono miwili. Ni mtu aliyejijenga jina kwa kuijua sheria ya ukoo. Watu wa vijiji vya jirani humwita. Akisema wamekula, keshokutwa kila mwanamume wa ukoo ule atarudi kwake kwa bakuli la majani. Niliona anaizungusha kichwani, hapati pa kutokea.

"Songa sasa hivi," alisema Ikupa. "Unga si upo? Dakika ngapi? Ferista, mwanangu, inuka ubandike maji."

"Shangazi, hatuna mwiko," alisema Ferista.

"Mnasonga na nini siku zote?"

"Hatusongi. Mama huwa anatoka na ugali kazini."

Wote walinigeukia. Ikupa alisogea mbele ya kochi, macho yamewaka.

"Kazini. Basi na leo ametoka nao. Ugali ni ugali, mradi mke aumege. Uko wapi?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mtoto, kwa sababu alijua mtoto wangu hasemi uongo. Ferista aliangalia bakuli lake. Akamwangalia baba yake, yule mwanamume aliyekonda aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, na niliona usoni mwake huruma ambayo mimi sina tena. Nikafikiri, imekwisha.

"Leo hakuja nao," alisema Ferista.

Hezron akaongea kwa mara ya kwanza kwa sauti yake ya kweli, ile ya zamani. "Tusekile. Azima mwiko kwa jirani. Kidogo tu, kama ngumi. Nimekosa, nakubali. Songa."

"Kwa mwiko wa jirani?" nilimwambia. "Mimi nina wangu. Wa mama yangu, mwekundu, una michoro kwenye mpini. Ulimpa Jenista nikiwa msibani. Ulete, Hezron. Siku utakayouleta nitasonga, nitamega, na nitakupa mkononi mbele ya wakubwa hawa. Sitasema neno. Uko wapi?"

Aliinamia bakuli lake tupu.

"Uko wapi, Hezron?" aliuliza Lwitiko, na sasa alikuwa anauliza kweli.

"Ulivunjika," alisema Hezron. "Alimpigia mbwa. Tuliutia jikoni kama kuni."

Nilidhani sina pa kuumia tena kwa mtu huyu. Palikuwepo. Mwiko wa mama yangu, umepigiwa mbwa, umepikiwa chai. Lakini nilimshukuru kwa kuniambia, maana kama kulikuwa na kona yoyote laini iliyobaki ndani yangu kwa sababu ya ile shingo yake nyembamba, ilikauka hapo hapo.

Lwitiko alisimama. Aliweka kofia kichwani, akaigonga fimbo chini mara moja. "Hatujala," alisema. Hakuniangalia, lakini alilitamka vizuri, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. "Tumepikiwa kwa heshima, na hatujala. Hakuna lililozikwa. Hezron, twende. Utalala kwa Ikupa."

"Kwangu?" alisema Ikupa. "Kwangu tena?"

"Wewe ndiye uliyesema hatujala."

Niliwasindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa. Viazi vyao niliwarudishia. Hezron alitembea nyuma, na alipopita mlangoni aliugusa ubao wa mlango kwa vidole. Sikumwambia ni mti gani wala fundi yupi. Nilimngoja apite, nikaufunga nyuma yetu.

Kwenye gari nilimshika Ikupa mkono kwa upole.

"Wifi, nikuelekeze usipate shida. Karai kavu, moto mkali, usitie maji. Usikoroge. Chizi mwisho, funika. Ni rahisi, hakichoshi, hata ukitoka shamba miguu inauma unakiweza. Mgonjwa wa sukari anatakiwa aangaliwe kila jioni, wifi. Kila jioni. Na akilalamika hajashiba, mwambie mwanamume akishiba anatulia. Labda humshibishi."

Alinitazama muda, na niliona amelikumbuka neno lake. Akavuta mlango wa gari.

Niliporudi ndani Ferista alikuwa ameshaondoa bakuli. Mezani alikuwa ameweka sahani moja, maji ya kunawa na karai la nyama iliyobaki. Na katikati, hotipoti yangu, bado imefungwa kwa kitenge.

"Niliiona nilipofuata uma," alisema.

Alifungua, mvuke ukatoka. Ugali ulikuwa bado wa moto kabisa. Nilinawa, nikamega tonge la kwanza, nikalizungusha kiganjani mpaka likawa laini, nikampa binti yangu mkononi. Akalimeza. La pili nilichovya kwenye mafuta ya nyama na ile chizi iliyogandamana pembeni ya karai, nikala mwenyewe, taratibu, mpaka nikashiba.